Kidonge cha kamera, MRI, mpira wa maputo au kisu: uchague nini kwa vinyama vya utumbo mwembamba

Mama mmoja alikaa mbele yangu na bahasha tatu mapajani. Mwanawe wa miaka 11 alikuwa pembeni yake, midomo ina vidoa vyeusi kana kwamba katoka kula zambarau. Miaka miwili kabla ya hapo mtoto alipasuliwa usiku kwa dharura. Utumbo wake ulikuwa umejimeza: kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine kama mkono wa kanzu uliovutwa kwa ndani, na kilichouvuta kilikuwa kinyama kikubwa kama ndimu. Daktari wa upasuaji alikitoa, akamwambia mama vingine bado vimo. Tangu hapo daktari wa kwanza kaandika kidonge cha kamera, wa pili kaandika MRI ya utumbo, wa tatu kaandika rufaa ya kwenda nje kupitishwa mpira wa maputo mawili.

"Sista," akaniuliza, "nikiuza kiwanja nikalipia hicho kidonge, si kitakuwa kimeviondoa?"

Hapana, mama. Kidonge kinapiga picha na kutoka. Swali lake nimelisikia kwa sura nyingi katika miaka niliyofanya kazi chumba cha endoskopi, yaani cha kuchungulia tumbo kwa mpira wenye kamera, na mara nyingi linakuja baada ya pesa kulipwa. Ndiyo maana naandika haya kwa aliye katikati ya bahasha kama zile.

Kwanza, tatizo lenyewe

Vinyama hivi madaktari huviita polipu. Vikiwa tumboni au kwenye utumbo mpana, kazi ni nyepesi kiasi: mpira wa kawaida unavifikia. Utumbo mwembamba ndio mgumu. Kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, umejikunja na kuning'inia, hauna pa kushikilia. Mpira wa mdomoni unaishia kabla hata ya kumaliza mita ya mwanzo, na ule wa njia ya haja kubwa unachungulia sentimita chache za mwisho. Katikati palikuwa giza mpaka miaka ya 2000.

Ugonjwa unaojaza vinyama humo kuliko mwingine wowote ni ule wa mtoto huyu, unaoitwa Peutz-Jeghers. Jan Peutz wa Uholanzi aliueleza mwaka 1921 baada ya kuona familia moja yenye vidoa midomoni na vinyama tumboni, kisha Harold Jeghers wa Marekani na wenzake wakauandika kwa kina mwaka 1949. Mwaka 1998 jeni yenye hitilafu, STK11, ikapatikana. Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa, wa kiume au wa kike. Bila ufuatiliaji, karibu nusu ya wagonjwa huwa wamepatwa na utumbo kujimeza wanapofika miaka 20.

Namba ya kushika ni milimita 15. Kinyama kidogo kuliko hapo huwa hakivuti utumbo, kwa hiyo hutazamwa na kusubiriwa. Kikifika milimita 15 hadi 20, mwongozo wa chama cha endoskopi cha Ulaya wa mwaka 2019 unashauri kitolewe hata kama mgonjwa hasikii chochote. Kikiwa kidogo lakini kinaleta maumivu ya kuziba, nacho hutolewa. Kwa hiyo daktari anahitaji majibu mawili, kimefika wapi na kitatolewaje, na mara nyingi kila jibu lina kifaa chake.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inaona nini, inaweza kutoa au la, mgonjwa anapitia nini, hatari yake, na inapatikanaje kwetu. Bei sitaziandika kwa sababu zinabadilika kila hospitali na kila bima. La muhimu uulize kama bima inalipia kipimo peke yake, utoaji peke yake, au vyote. Nimeona watu wamelipiwa picha, wakakwama kwenye kutolewa.

1. Kidonge cha kamera

Wazo lilitoka kwa mhandisi wa Israel, Gavriel Iddan. Majaribio ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2000 na Marekani ikakiruhusu 2001. Ni kidude cha milimita 26 kwa 11, kikubwa kuliko kapsuli ya antibaiotiki lakini hakizidi tende. Ndani kina taa, kamera, betri na kirusha mawimbi. Unavaa mkanda wenye kinasa picha, unarudi nyumbani.

Inaona nini. Ukuta wa ndani wa utumbo wote, picha zaidi ya 50,000, na hata vinyama vya milimita chache. Kwa vidogo hakuna kinachokishinda. Ajabu ni kwamba kinaweza kukosa kikubwa. Mwanzoni mwa utumbo kidonge hupita mbio, na kinyama kikubwa kikiwa kimejificha nyuma ya kona, kamera ikatazama upande wa pili, basi. Ukubwa nao kinaukadiria tu, kwa sababu picha haina rula.

Kinatoa? Hakitoi, wala hakikati kipande cha kupima maabara.

Mgonjwa anapitia nini. Kufunga kula tangu usiku, mara nyingi kunywa dawa ya kusafisha tumbo, kisha kumeza. Hakuna sindano wala usingizi. Mtoto asiyeweza kumeza huwekewa kwa mpira wa mdomoni akiwa amelazwa usingizi. Marekani imekiruhusu kwa watoto kuanzia miaka 2 tangu mwaka 2009.

Hatari. Kukwama. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla ni mmoja au wawili kati ya 100, lakini aliyewahi kupasuliwa au mwenye dalili za kuziba yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Kuna kidonge cha majaribio kinachoyeyuka, humezwa kwanza kuona kama njia iko wazi. Kitu kingine ambacho watu husahau kusema: usiingie kwenye mashine ya MRI mpaka kidonge kimetoka. Kama hukukiona chooni, piga eksirei.

Upatikanaji. Kinahitaji programu na daktari wa kuketi saa nzima au zaidi akitazama picha, kwa hiyo kiko hospitali chache za miji mikubwa. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa hahitaji kulazwa.

Kinamfaa nani: asiye na dalili za kuziba, anayefuatiliwa mwaka hadi mwaka, na mtu anayepoteza damu kidogo kidogo pasipojulikana.

2. MRI ya utumbo

Hapa sumaku ndiyo inayofanya kazi, mionzi haimo. Mgonjwa anakunywa lita moja au zaidi ya maji yenye dawa ya kuutanua utumbo, kwa muda wa dakika 45 hivi, halafu anaingia kwenye mashine.

Inaona nini. Vinyama vya milimita 15 na kuendelea inaviona vizuri, inavipima kwa usahihi kuliko kidonge, na inaonyesha viko sehemu gani. Vidogo inavikosa. Lakini kumbuka namba yetu: vinavyokosekana ni vile ambavyo mara nyingi visingeguswa hata vingeonekana. Inaona pia nje ya utumbo, jambo lenye uzito kwa ugonjwa unaoongeza hatari ya saratani ya kongosho na viungo vingine.

Inatoa? Haitoi.

Mgonjwa anapitia nini. Kunywa, na maji yale si matamu. Kuharisha baadaye. Kulala bila kutikisika nusu saa na zaidi, kushikilia pumzi unapoambiwa, kelele. Sindano ya kutuliza utumbo usichezecheze, na mara nyingi dawa ya rangi kwenye mshipa. Mtoto mdogo hawezi kutulia hivyo bila usingizi.

Hatari. Ndogo mno, ila aseme mapema mwenye chuma mwilini, kifaa cha moyo au figo mbovu.

Upatikanaji. Mashine za MRI zimeongezeka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, lakini kuwa na mashine hakumaanishi kuna anayejua kupiga na kusoma ya utumbo. Uliza hivi: "Mnafanya MRI ya utumbo mwembamba, ya kunywa dawa?" Wakikujibu "tunafanya MRI ya tumbo", hicho ni kipimo kingine.

CT ya utumbo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, inaona karibu sawa na ni ya haraka. Kwa mtu mzima mmoja kwa mara moja haina neno, na usiku wa dharura ndiyo sahihi. Kwa mtoto atakayepimwa kila miaka miwili maisha yake yote, mionzi inajumlishana.

Inamfaa nani: aliyewahi kupasuliwa tumbo, mwenye dalili za kuziba asiyefaa kumeza kidonge, na yule ambaye daktari wake anataka ramani kabla ya kwenda kutoa.

3. Mpira wa maputo mawili

Hii ndiyo njia iliyobadilisha mambo, na nitakaa hapa kidogo.

Hironori Yamamoto wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, Japani, aliichapisha mwaka 2001. Tatizo alilolitatua ni hili: ukisukuma mpira mrefu ndani ya utumbo unaoning'inia, utumbo unatanuka na mpira hausogei mbele. Yeye akaweka puto kwenye ncha ya mpira na puto lingine kwenye ncha ya bomba laini linaloufunika. Puto la mbele linajaa, linashika ukuta kwa ndani. Bomba linasogezwa, puto lake linajaa. Vyote viwili vinavutwa nyuma taratibu, na utumbo unakunjamana juu ya bomba kama unavyokunja mkono wa shati kabla ya kuosha vyombo. Puto la mbele linaachia, mpira unasonga tena. Shika, vuta, kunja, songa. Mpira wa mita 2 tu unapita utumbo wenye urefu mara tatu yake. Kuna aina ya puto moja pia, kanuni ni ileile. Mwenye mzio wa mpira wa asili aseme, maana maputo ya aina ya kwanza yametengenezwa kwa hiyo mali.

Inaona nini. Kila inapofika inaona vizuri, na inarudi nyuma kutazama tena, jambo ambalo kidonge hakiwezi. Kumaliza utumbo wote kwa kawaida kunahitaji safari mbili, moja ya mdomoni na moja ya chini. Wa kwanza anapoishia anachoma alama ya wino ukutani, wa pili akiukuta wino anajua wamekutana. Si kila mara wanakutana. Tumbo lililopasuliwa mara nyingi huwa na makovu yaliyogandisha utumbo, na hapo mpira unagoma.

Inatoa? Ndiyo, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Daktari anadunga maji chini ya kinyama kukiinua, anakivisha kitanzi cha waya, anapitisha umeme, kinakatika. Vikubwa vyenye shina nene hukatwa vipande vipande. Wajapani wameleta mbinu nyingine ninayoipenda kwa upole wake: wanalibana shina kwa klipu au kitanzi cha nailoni, damu inakatika, kinyama kinakauka na kudondoka chenyewe siku za baadaye. Hasara yake ni kwamba kilichodondoka hakifiki maabara.

Mgonjwa anapitia nini. Usingizi wa kutosha, na kwa mtoto nusukaputi kamili. Saa moja hadi mbili au zaidi, ikiwa vinyama ni vingi. Tumbo kujaa gesi. Ulizia kama wanatumia hewa ya kaboni, inafyonzwa haraka na maumivu yanapungua. Kulala wodini usiku mmoja ni kawaida baada ya kutoa kikubwa.

Hatari. Uchunguzi wa vituo 10 uliochapishwa 2007, wenye taratibu 2,362, ulikuta matatizo kwa asilimia 0.8 ya waliotazamwa tu na asilimia 4.3 ya waliotibiwa papo hapo. Matatizo yenyewe ni kutoboka, kutoka damu, na kuvimba kongosho kwa watu kama 3 kati ya 1,000, zaidi kwa njia ya mdomoni. Asilimia 4 si ndogo. Iweke mezani pamoja na upasuaji wa dharura saa nane usiku, ndipo uipime. Na uliza daktari ameshafanya ngapi, wala usione haya. Mzoefu hujibu bila kukasirika.

Upatikanaji. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Kifaa ni ghali, mikono iliyozoea ni michache, na rufaa za kwenda India ni jambo la kawaida Afrika Mashariki. Ukienda, nenda na picha zako. Kidonge kikionyesha kinyama ndani ya robo tatu za kwanza za safari yake kutoka mdomoni hadi utumbo mpana, daktari huanza kwa mdomo. Kikiwa nyuma ya hapo, huanza kwa chini. Bila ramani utalipia safari mbili za mpira pale ambapo moja ingetosha.

Inamfaa nani: ambaye tayari anajulikana ana kinyama cha kutolewa na hana utumbo uliogandiana.

4. Upasuaji, na kamera ndani yake

Watu wakisikia kisu hudhani ni kushindwa. Kwa vinyama vilivyojaa, au kimoja kikubwa chenye shina pana, au kile kinachoshukiwa saratani, kisu ndicho salama.

Inaona nini. Daktari akitumia vidole tu anavigusa vikubwa na kuviacha vidogo. Akimwita mtaalamu wa endoskopi mezani, mpira unaingizwa kupitia tundu dogo kwenye utumbo, mpasuaji anauvisha utumbo juu yake kwa mikono, na wote wanaona kila sentimita. Hiyo ndiyo "fagia yote" inayompa mgonjwa miaka ya kupumua.

Inatoa? Kila kitu, kwa mara moja.

Mgonjwa anapitia nini. Nusukaputi, kidonda, siku kadhaa wodini, wiki za kupona.

Hatari. Ya siku ile inajulikana: maambukizi, kuvuja mshono. Ya baadaye ndiyo inayonisumbua. Kila upasuaji unaacha makovu, makovu yanaziba utumbo au kuuzuia mpira wa maputo kesho, na kila kipande kinachokatwa hakirudi. Nimemhudumia kijana aliyekatwa mara nne kabla hajatimiza 25. Alibaki na utumbo mfupi na alikuwa akilishwa kwa mshipa.

Upatikanaji. Upasuaji wenyewe uko hata hospitali za mikoa. Ule wenye kamera unahitaji watu wawili wasiozoea kufanya kazi chumba kimoja wakubaliane siku. Ukipangiwa upasuaji wa Peutz-Jeghers usio wa dharura, omba wakubaliane.

Unamfaa nani: utumbo uliojimeza ukaziba, vinyama vingi vikubwa mahali pamoja, au sehemu ambayo mpira umejaribu ukashindwa.

Sasa, kulingana na hali yako

Maumivu makali yanayokuja na kuondoka, kutapika, tumbo kuvimba, choo na hewa kukata: usichague lolote hapa. Nenda hospitali yenye mpasuaji usiku huohuo, na waambie ana vidoa vya midomoni. Usimeze kidonge cha kamera.

Mtoto mwenye ugonjwa, hana dalili, hajapasuliwa: kipimo cha kwanza anapofika miaka 8, kwa kidonge au MRI. Chukua kile ambacho hospitali yako inakijua vizuri na ambacho mtoto atakivumilia. Vikikutwa vinyama, hurudiwa kila mwaka 1 hadi 3. Visipokutwa, na dalili hazijatokea, husubiriwa hadi miaka 18.

Amewahi kupasuliwa: ningeanza na MRI. Ikionyesha cha milimita 15 na zaidi, tafuta mpira wa maputo, lakini muulize daktari mapema atafanya nini akikuta utumbo umegandiana. Wengine huingia na mpasuaji akiwa tayari.

Tayari una picha ya kinyama cha milimita 20: kidonge kingine hakitakuongezea kitu. Hifadhi pesa ya kutolea.

Choo cheusi kama lami au damu inashuka na sababu haijulikani: maliza kwanza mpira wa mdomoni na wa chini wa kawaida, kwa maandalizi mazuri. Mara nyingi chanzo kimo humo. Wakikuta patupu, kidonge ndicho kinachofuata.

Una vinyama vya kurithi vya utumbo mpana, aina ya FAP: vyako vya utumbo mwembamba hupenda kukaa karibu na tundu la nyongo, mahali ambapo kidonge hupita bila kupaona vizuri. Unahitaji mpira wa mdomoni unaotazama ubavuni, na huo unapatikana kirahisi kuliko maputo.

Pesa inatosha kwa safari moja tu ya nje: pigia MRI hapa nyumbani, itume kwa daktari wa huko kabla hujakata tiketi, akuandikie kama ataanza mdomoni au chini na kama anaona haja ya mpasuaji.

Hivyo ndivyo mama yule alivyofanya. Picha ilionyesha viwili vya kutolewa, vyote sehemu ya juu, vikafikiwa kwa safari moja ya mdomoni. Kiwanja hakikuuzwa chote, nusu tu.

Ana binti pia, wa miaka 6, mwenye midomo safi bila doa. Vidoa vinaweza kuwa hafifu, na kwa wengi hufifia ukubwani, kwa hiyo midomo safi haitoshi kumwacha. Kipimo cha jeni kingemaliza ubishi kwa sampuli moja ya damu, iwapo hitilafu ya kaka yake inajulikana. Yao haijapimwa bado. Nimemwandikia juu ya kadi ya kliniki, kwa kalamu nyekundu, mwezi ambao binti atatimiza 8.